Barua ya wazi kwa wakubwa wa nyumba za ruzuku Winnipeg: tuachieni pa kuwalilia wazee

Kwenu wakubwa,

Nyie mnaoendesha majengo ya wazee ya kodi nafuu hapa mjini, nyie wa jimbo la Manitoba, na nyie wa serikali kuu ya Ottawa ambao kila likitokea jambo mnasema hilo ni la jimbo. Walionizidi umri shikamooni, wengine habari za leo.

Naandika Kiswahili. Binti yangu mkubwa atatafsiri, Kiingereza chake kimepita changu mbali sana, lakini mimi nikianza kwa Kiingereza najijua, nitaandika kama ile ripoti ya mwisho wa shifti, mteja amekutwa hana fahamu saa mbili kasorobo, ofisi imejulishwa, sahihi. Na hii sio ripoti. Alafu kuna Waswahili kibao kwenye hizi kazi zenu, Wakongo, Warundi, Watanzania, Wakenya, sisi ndio tunaingia kwenye hizo apatimenti asubuhi na jioni kuogesha wazee na kuwapa dawa, nyumbani wanatucheka eti tumeenda Ulaya kuosha vibibi (kwa watu wa nyumbani hata Kanada ni Ulaya). Basi na wao wasome, wajue tunaosha kina nani.

Mi ni mzaliwa wa Uvira. Vita ya 1996 ilinikuta na miaka tisa, tukavuka ziwa usiku, tukaishia kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, nimekulia hapo nimesomea hapo nimeolewa hapo, mpaka zamu yetu ilipofika ya kuja huku. Sasa nahudumia wazee majumbani, huduma ambayo Manitoba mnajivunia kwamba mliianzisha jimbo zima tangu 1974 na mzee halipi hata senti, na kwa hilo kweli nawapa heko, sijaja kutukana kila kitu. Nimekuja kwa ajili ya mtu mmoja wa ghorofa ya saba.

Jina lake silitaji, amefariki, hayupo kuniruhusu, na kwao jina la marehemu mwaka mzima halitajwi hovyo hovyo. Kwenye makaratasi yenu ni 709. Mimi nilimwita Koko. Kwa Kikrii, lugha ya watu wa asili wa huku, bibi ni kokum, jengo zima walimwita hivyo, na kwetu Kongo bibi ni koko, nilivyomwambia akacheka mpaka akashika mbavu, akasema wahwa! kumbe nyie wa huko mbali mliniibia jina langu. Kuanzia siku hiyo akawa ananiita nosisim, mjukuu wangu, na mimi nina miaka thelathini na kitu na watoto wanne.

Ila nikiri kitu kabla sijaanza kuwanyooshea vidole. Tulipofika Winnipeg, wiki ya kwanza tu, wageni wenzetu waliotutangulia walitwambia usipite Main Street usiku, usikae karibu na wale watu, walevi, wezi, serikali inawapa hela za bure. Niliamini. Nilikuwa navuka barabara nikiwaona. Miaka miwili nimeishi kwenye nchi ya watu nikivuka barabara kuwakwepa wenye nchi! Hakuna aliyetuambia kwenye zile semina za kupokea wageni kwamba Winnipeg ndio mji wenye watu wa asili wengi kuliko mji mwingine wowote Kanada, sensa ya 2021 ilihesabu zaidi ya laki moja, wala kwanini wapo mjini, wala nini kiliwapata. Nimejifunza kwenye kiti cha plastiki bafuni kwa Koko nikimsugua mgongo, yeye anaongea, mimi nasugua.

Alikuwa wa kaskazini, kijiji ambacho unafika kwa ndege, au kwa gari wiki chache za baridi kali, ziwa likiganda na barabara ya barafu ikafunguliwa. Kuja kwake mjini sio kwa kutaka. Figo zilikufa kwa sukari, na kijijini kwao mashine ya kusafisha damu haipo, kwahiyo unapewa machaguo mawili, hamia Winnipeg au kufa. Akahamia. Mara tatu kwa wiki, kama masaa manne kila mara, kwenye mashine. Nyumba yake kule rizevu, ile ardhi waliyotengewa watu wa asili, ikapewa familia nyingine maana kule nyumba hazitoshi, watu wanalala kwa zamu, hakuwalaumu. Lakini ndio hivyo, tangu siku hiyo hana pa kurudi, na nyie mkawa mnamwita mpangaji.

Na alishawahi kuondolewa nyumbani kabla ya hapo. Alichukuliwa na ndege ndogo akiwa na miaka sita kupelekwa shule ya bweni ya wamisheni. Hizo shule mnazijua vizuri kuliko mimi, watoto zaidi ya laki moja na nusu walipitishwa humo nchi nzima, ya mwisho imefungwa miaka ya 90, juzi tu, mimi nilishazaliwa. Serikali iliomba msamaha tarehe 11 Juni 2008, tume ya ukweli ikatoa miito yake 94 ya kuchukua hatua mwaka 2015, na kila tarehe 30 Septemba mnavaa fulana za rangi ya chungwa kuwakumbuka watoto wale, hata ofisi ya jengo letu wanavaa, na keki wanakata. Koko hakuwa anavaa. Alisema shuleni alikuwa na namba, ilishonwa kwenye nguo, wakiitwa wanaitwa namba, na kuongea Kikrii ni kuchapwa. Sasa huku jengoni akipiga simu ofisini kusema lifti imekwama anaulizwa, wewe ni namba ngapi. Akawa anaitaja ile ya shule. Makusudi. Yule dada wa ofisini anahangaika kwenye kompyuta haioni, Koko ananikonyeza.

Sijui kama mlishawahi kupanda hizo lifti zenu. Zikiwa nzima. Mbili, ghorofa kumi na moja, na wazee nusu wana vigari vya kutembelea au wamekatwa miguu kwa sukari. Lifti moja ilikufa tangu kiangazi. Kunguni ntawasamehe, kunguni hata Nyarugusu walikuwepo, ila kule hatukuambiwa bibi wa miaka 74 asogeze kabati peke yake na afunge nguo zake zote kwenye mifuko kabla mpiga dawa hajaja saa tatu, asipofunga mpiga dawa anageuza anaondoka na bibi anaandikiwa amekataa huduma. Nilifunga mimi, nje ya dakika zangu. Dakika zenyewe ni za kuhesabu, dawa 15, kuoga 30, chai haimo.

Lakini kilichokuwa kinammaliza Koko sio lifti, ni wageni. Wajukuu zake wakija kutoka kaskazini, kuna anayekuja hospitali, kuna anayekuja kusoma, wanafikia kwa bibi, wangefikia wapi jamani? Kwetu pia, ukifika Kigoma mjini na shangazi yako yupo ukalala gesti, ni matusi hayo. Sekyuriti wa mlangoni anawadai kitambulisho, anaandika majina, siku zikizidi zile za kwenye kanuni inaingizwa barua chini ya mlango kwamba kuna wakazi wasioandikishwa, na kodi yenyewe inapigwa kwa asilimia ya kipato cha waliomo ndani kwahiyo mjukuu akionekana anakaa, kodi inacheza. Sasa mzee anaogopa kupokea wajukuu zake. Mtu aliyechukuliwa kwa wazazi wake akiwa mdogo, alafu miaka ya 60 na 70 watoto wa dada yake wakachukuliwa na ustawi wa jamii wakagawiwa kwa wazungu mpaka Marekani, leo uzeeni anaandikiwa barua kwamba ana watoto wengi ndani. Alikuwa anawaficha wasionekane dirishani. Nimemwona kwa macho yangu akiwaambia wakae chini, api, api, kama vile tulivyokuwa tunaambiwa sisi ziwani.

Sasa nije kwenye msiba.

Ilikuwa Novemba. Jumatano nilimkuta anapumua vibaya, miguu imevimba, nikamwambia Koko nipige simu waje na ambulensi. Akakataa. Akasema sitaki kwenda kukaa pale kama yule. Yule ni Brian Sinclair, na nyie mnamjua, Mwanishinaabe, taifa jingine la watu wa asili, wa miaka 45, kwenye kiti cha magurudumu, Septemba 2008 alisubiri masaa 34 kwenye chumba cha dharura hapa hapa Winnipeg kwa maambukizi ya kibofu yanayotibika, watu wakampita wakidhani ni mlevi kalala, mpaka akafa pale pale kwenye kiti. Wageni kama mimi hatumjui. Wazee wa jengo letu wote wanamjua, wanaongea juu yake kama ndugu yao, na mtu akizidiwa usiku anapiga hesabu, niende au nivumilie mpaka asubuhi. Nilimwambia mambo yamebadilika. Sikuwa na uhakika, nilisema tu kama tunavyosema kwa wagonjwa. Nikaripoti ofisini kwetu, Alhamisi ikawa zamu ya mwenzangu, Ijumaa saa mbili kasorobo nikagonga kimya.

Funguo hatupewi sisi. Nilisubiri mlangoni dakika arobaini mtu wa jengo aje afungue. Alikuwa kwenye kochi, blanketi ya nyota begani, zile blanketi zao za kushona vipande vya rangi vinatengeneza nyota moja kubwa, televisheni inaongea peke yake.

Mjukuu wake wa kike akapanda ndege siku hiyo hiyo, wengine wakatoka mjini humu humu, jioni wako kumi na tano. Kwao mtu akifa halali peke yake. Watu wanakesha, wanapika, nyama ya musi, yule mnyama mkubwa wa porini mwenye mapembe, kama kuna aliyetunza kipande kwenye friza, na bannock, ule mkate wao mnene, sahani ya kwanza inapakuliwa ya marehemu. Moto unawashwa unalindwa siku nne mchana na usiku ili roho ione njia. Wanafukiza majani yao, seji na nyasi tamu, kama bibi zetu wanavyofukiza ubani, moshi unapitishwa kichwani kifuani mikononi. Mwislamu wa Ujiji angeingia pale asingeuliza swali, angetafuta pa kukaa.

Wakaomba kile chumba cha pamoja cha chini, chenye meza ya puli na kanta ya kupikia. Fomu iletwe siku kumi kabla. Siku kumi! Hivi kuna mtu anajua siku kumi kabla? Na bima. Na mwisho saa tatu usiku. Na hakuna moshi wala mshumaa. Meneja hakuwa mkali, niseme haki yake, alikuwa anasoma kwenye karatasi na uso ulimwiva mwekundu, akasema sio yeye ni sera. Basi wakapanda 709, watu kumi na tano kwenye chumba kimoja na jiko, wakafukiza kidogo tu, dirisha wazi. Kengele ya moto ikalia. Jengo zima likashushwa kwa ngazi maana lifti zinazimwa, wazee na vigari vyao, nje digrii 19 chini ya sifuri, gari mbili za zima moto. Waliokuwa wanamlilia Koko wakaonekana ndio waliowatoa wenzake kwenye baridi. Kuna mzee mmoja wa ghorofa ya nne, Mmetis, wale wa uzao mchanganyiko wa watu wa asili na Wazungu, bibi yake alizaliwa Rooster Town, kile kitongoji cha Wametis kilichoondolewa hapa mjini mwishoni mwa miaka ya 50 na leo ni maduka ya Grant Park, yeye alisimama pale kwenye theluji na slipa akasema kwa sauti, hata kufukuzwa tumezoea, endeleeni kuimba. Wakaimba palepale parking. Sekyuriti akawaomba wasogee.

Moto wa siku nne uliwaka nyuma ya nyumba ya binamu yao mtaa wa North End, nilienda baada ya shifti, nikaongeza kuni.

Alafu likaja la kumrudisha. Alisema siku zote, mkinizika huku nitawasumbua, nirudisheni. Barabara ya barafu bado, ziwa halijaganda, ni ndege tu, na ndege ya jeneza ni hela ambayo hakuna aliyekuwa nayo pale. Wakaanza kuzunguka. Ofisi ya kwanza ikasema huyo alikuwa wa jimbo kwasababu aliishi mjini. Ya pili ikasema huyo ni wa Taifa la Kwanza, mtu wa asili aliyesajiliwa na ana kadi, ni wa Ottawa. Ya tatu ikasema angekuwa amesafiri kwa matibabu akafia safarini ingekuwa habari nyingine, ila huyu alishahamia, anahesabika mkazi. Aisee. Mnamwondoa mtu kwao kwa ajili ya mashine, miaka sita mnamwita mgonjwa, amekufa mnasema kumbe alihama kwa hiari.

Hii mechi yenu sio ya leo. Jordan River Anderson, mtoto wa Norway House, alikaa hospitali hapa Winnipeg maisha yake yote, madaktari walishasema anaweza kutoka akalelewe nyumbani, jimbo na Ottawa mkabishana nani alipe, mtoto akafa Februari 2005 ana miaka mitano hajawahi kulala kwenye kitanda cha nyumbani. Aibu ile ilizaa kanuni yenye jina lake, bunge likaipitisha 2007, mtoto ahudumiwe kwanza, kubishana baadae. Safi kabisa. Ila ni ya watoto. Akishakuwa mzee mnarudi kubishana, na waliozaliwa kabla yake ndio wale wale mliowashonea namba.

Walichangisha. Bingo, bahati nasibu ya nusu kwa nusu, halmashauri ya kijiji ikatoa sehemu. Na sisi Waswahili tukapitisha daftari kanisani na kwenye grupu la WhatsApp, mchango wa msiba, wapo waliouliza lakini huyo ni nani kwetu, nikajibu ni koko yangu, basi wakatuma, mama mmoja Mrundi alituma dola tano na ujumbe wa sauti analia, hajawahi hata kumwona. Siku ya tisa akaruka.

Nataka niwaambie kitu kuhusu Nyarugusu. Kule tulikuwa tunakula mgao, unga na maharage na mafuta kwa kipimo, ukipunguzwa umepunguzwa, maji foleni, kuni kwa kujificha, kutoka kambini mpaka kibali. Kanuni zilikuwa nyingi kuliko zenu. Lakini mtu akifa, mwenyekiti wa kijiji anatangaza, majirani wanaleta turubai, kila nyumba na kikombe chake cha unga na kipande cha kuni, watu wanalala matanga siku tatu chini ya maturubai ya UNHCR na hakuna ofisa aliyewahi kuja kudai fomu, hata wale askari wanapita wanavua kofia. Baba yangu tulimlilia hivyo. Tulikosa karibu kila kitu kule, pa kulilia hatukukosa. Nilipofika nchi tajiri kiasi hiki sikuwahi kufikiri nitakuja kuona watu wanakosa hicho, na wenyewe ndio wenye ardhi.

Najua mtaniambia nyumba hazipo, hela hazipo, tushukuru hata hizo. Historia yenu nimeisoma kidogo sasa. Kuna wakati watu wa asili wa mji huu walianza kujiendeshea nyumba wenyewe, Kinew Housing imeanza hapa Winnipeg 1970, kabla hata ya programu ya Ottawa ya nyumba za wenyeji wa mijini, zikafuata nyingine miji mingi. Alafu 1993 Ottawa ikafunga mkono, hakuna tena hela ya nyumba mpya za namna hiyo, na mikataba ya zamani ikawa inaisha moja moja na ruzuku inakwisha nayo. Miaka thelathini hiyo watu waliendelea kuja mjini, kwa figo, kwa shule, na kwa mafuriko pia, watu wa Lake St. Martin mwaka 2011 maji yalielekezwa upande wao, kijiji kizima kikaletwa kwenye mahoteli ya Winnipeg, kuanza kurudi ni 2017, na wazee wao wengi walishafia mjini. Mwaka 2023 bajeti ya Ottawa ikatangaza bilioni nne kwa miaka saba kwa nyumba za watu wa asili mijini, vijijini na kaskazini. Nimefurahi. Ila mimi ndani ya hizo bilioni nne naulizia chumba kimoja kwa kila jengo. Chenye feni ya kutoa moshi, ambayo mnajua kufunga kwasababu kwenye majiko ya mahoteli mnafunga kila siku, chenye jiko la kupikia watu arobaini, na mlango ambao haufungwi saa tatu. Siku nne. Hakuna fomu ya kabla. Na nje kipande cha ardhi cha moto, sio lazima kiwe kikubwa, parking yenu ina nafasi za magari ambayo wazee hawana.

Na mkishaweka hicho chumba msiwape wapambaji wabandike picha za tai ukutani. Waulizeni wazee wenyewe, wapo mle mle ndani, kuna majengo ya wazee wa asili hapa hapa North End wanaojua hizi habari miaka mingi, piga simu tu.

La pili, wajukuu. Ondoeni ile barua ya chini ya mlango. Mzee mwenye mjukuu ndani ameoga, amekula, amekunywa dawa kwa wakati, mimi ndio naona, mwenye mjukuu nikifika asubuhi sina kazi kubwa.

La tatu, jeneza. Lipeni kwanza mbishane baadae, kama mlivyokubali kwa watoto.

La nne nalisema nikiwa na hasira kwahiyo mnisamehe. Familia iliruka na maiti Jumapili. Walikuwa wamepewa siku tano za kutoa vitu, siku zikahesabiwa tangu siku aliyokufa, wakaomba ziongezwe mpaka warudi kutoka kuzika, wakajibiwa kuna watu kwenye foleni wanasubiri chumba. Na ni kweli wapo, foleni ni ndefu, mimi mwenyewe nilisubiri nyumba ya ruzuku na watoto wanne kwenye vyumba viwili, Koko alishawahi kuniuliza bila ubaya, nyie mlipewa baada ya muda gani, nikamwambia miezi kumi na nne, akanyamaza, mpwa wake alikuwa na miaka minne kwenye orodha. Kwahiyo foleni naijua. Lakini Jumatatu asubuhi nimepita nikielekea kwa mteja wangu wa ghorofa ya tatu nikakuta mlango wa 709 umewekewa kizuizi wazi, vijana wawili wa kampuni ya usafi wanatoa kila kitu na toroli, wanashusha kwenye lile pipa kubwa la taka nyuma. Viatu vyake vya manyoya alivyoshonea shanga mwenyewe usiku kwa miwani miwili. Picha. Sufuria ya bannock. Hawa ni vijana tu, mmoja ni Mrundi, nimeongea nae, ameambiwa chumba kiwe tupu saa sita.

Mji huu jamani ndio mji ambao wanawake wa asili waliouawa walitupwa jalalani, familia zikaandamana miaka kuomba watafutwe, wakaambiwa ni gharama na ni hatari, mpaka wakatafutwa wakapatikana wawili na kutambuliwa mwaka 2025. Mtu angedhani baada ya hapo kuna vitu hamtavisogeza karibu na taka kabla ya kuuliza.

Nilingoja wakapande juu nikaingia mkono kwenye pipa. Nimetoa blanketi ya nyota, na ngoma yake ya mkono, ile ya ngozi, na bahasha moja. Kanuni ya kazi yangu inasema mhudumu asichukue chochote cha mteja, hata zawadi ya kisu cha siagi, na nimesaini. Kwahiyo nimewaandikia wenyewe, mnajua pa kunipata, zamu yangu iko kwenye ratiba yenu. Blanketi nimeifua kwa mkono, ngoma nimeiweka juu ya kabati mbali na hita kama mjukuu wake alivyonielekeza kwenye simu. Barabara ya barafu ikifunguliwa anakuja na gari kununua chakula cha familia, atapita kwangu avichukue. Watoto wangu nimewakataza kuigusa ngoma, wa mwisho ameigusa.

Ile bahasha ni yenu. Ina tarehe ya Jumatatu baada ya kengele, imetumwa kwa mpangaji wa 709, inamwonya kwamba amevunja kanuni ya moshi ndani ya jengo, akirudia atachukuliwa hatua, na ajibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Mpangaji siku hiyo alikuwa mochwari siku ya tatu. Leo ni siku ya kumi na moja tangu hiyo tarehe. Nimejibu mimi.

Mama wa zamu ya asubuhi, ghorofa ya saba